Karai Walilonyweshea Mbuzi Kule Diff

Haya jamani. Tangu nirudi, kila apitaye barazani kwangu ananiuliza lile lile: "Omari, ni kweli ulikwenda kwenye vita kutafuta chakula cha Kichina?" Nikisema ndiyo, mnacheka. Nikianza kueleza, mnaagiza kahawa, na kabla sijafika Garissa kila mmoja ameshaleta kisa chake. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Someni mpaka mwisho, kisha ndipo mcheke.

Mimi mnanijua. Ni mpishi, na sioni haya kusema ni mpishi mzuri. Pilau yangu imeliwa Kibokoni nzima na sijawahi kuona sahani ikirudi na kitu. Ndiyo maana kampuni moja ya visima huko Nairobi ilipotafuta mtu wa kumpikia fundi wao wa pampu, Mchina aitwaye Bwana Chen, nilikubali mara moja. Nilidhani kazi ni rahisi: mtu mmoja, sufuria moja.

Bwana Chen ni mtu wa makamo, mwembamba, vidole vyake vimejaa makovu ya spana. Kiswahili chake ni cha gereji, maneno machache lakini kila neno limekaa mahali pake. Tatizo lake ni tumbo. Maziwa hayataki, samli haitaki, nazi inamgeuza rangi. Alikuwa na kibati kidogo cha uyoga mkavu kutoka kwao, na akila chakula chetu hukifungua kile kibati, akanusa, akakifunga tena. Nami mpishi nimesimama pale na mwiko wangu namwangalia.

Tulikokuwa tunakwenda ni Diff, mpakani kabisa na Somalia. Pampu ya kule ilikuwa imekufa. Zamani maji yakikauka watu wa Diff hufunga vibanda vyao juu ya ngamia wakahama. Sasa kulikuwa na vita, serikali ikipigana na waasi waliotaka nchi ile ijiunge na Somalia. Serikali ilikuwa imewakusanya ndani ya uzio wa miiba na seng'enge, na kuhama hawaruhusiwi. Mafundi wengine walikuwa wamekataa kwenda. Bwana Chen alipoulizwa, alisema tu, "Pampu gani?" Akaambiwa aina yake. Akasema, "Hiyo naijua."

Nairobi hadi Garissa

Bwana Chen ana tabia moja ambayo mwanzoni ilinitia aibu. Kila tukisimama kwenye hoteli ya kula, hata iwe ya mabati matatu, humwita mhudumu na kumuuliza kwa adabu: "Kuna chakula cha China?" Thika aliuliza, wakamtazama. Mwingi aliuliza, na yule kijana wa hoteli, bila kupepesa jicho, akamjibu, "Ya China imeisha, mzee. Imebaki muthokoi."

Bwana Chen alicheka mpaka akashika meza. Akala maharage yaliyokuwa ndani ya muthokoi, moja moja, mahindi akaniachia mimi.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuuliza na jibu analijua. Akasema, "Siku moja mtu atasema ndiyo. Nisipouliza, nitapita."

Kutoka Mwingi nchi inaanza kushuka na joto linapanda. Vilima vinakwisha kimoja kimoja, miti inafupika, udongo unakuwa mwekundu, kisha unafika mahali ambapo mbele yako hakuna kitu cha kuzuia jicho. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, nimezaliwa kwenye vichochoro ambamo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Sikujua kwamba mbingu ina ukubwa ule.

Kwenye kizuizi cha mto Tana askari walitupekua. Mmoja akafungua kile kibati, akatoa uyoga mweusi uliokunjamana, akaurudisha upesi. "Afande!" akaita. "Hawa wamebeba masikio ya watu!"

Afande akaja, akatazama, naye hakupenda alichokiona. Bwana Chen alisema, "Uyoga," lakini hakuna aliyeamini. Basi akachukua kipande, akakitia mdomoni kikiwa kikavu vile vile, akatafuna mbele yao polepole mpaka akameza. Askari mmoja aligeuka kando. Tukaruhusiwa kuvuka.

Garissa, tukingoja msafara

Garissa hutoki peke yako. Unangoja msafara, malori mengi pamoja na askari mbele na nyuma, na msafara unaondoka ukipenda. Leo wanasema kesho, kesho wanasema barabara haijakaguliwa. Tulingoja hadi wauza mikeka wakawa wanajua majina yetu.

Mji ulikuwa na minong'ono. Maofisa huwaita waasi "shifta", yaani majambazi, kwa sauti kubwa. Wenyeji neno hilo hawalitamki, wanatazama chini wanakoroga chai. Mimi Mwislamu, nikitoa salamu naitikiwa vizuri, lakini nikiuliza lolote kuhusu njia mazungumzo yanahamia bei ya mbuzi. Sikuwalaumu. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekamatwa, au aliyekwenda porini, au aliyeuawa na upande mmoja au mwingine.

Tulikula kwa mama mmoja aitwaye Halima, mjane mwenye sauti ya kuamrisha. Siku ya kwanza akatuletea sinia, na Bwana Chen akainuka kidogo kwenye kiti chake. Zilikuwa tambi! Ndefu, nyeupe, zinatoa mvuke. Kisha Halima akazimwagia rojo la nyanya na nyama ya mbuzi, akaongeza samli, na juu yake akaweka ndizi mbivu nzima.

Bwana Chen akaitazama ile ndizi. "Hii inafanya nini hapa?"

"Nakula na chakula," Halima akasema. "Wewe nafikiri ndizi ni ya nyani tu?"

Akala ndizi. Tambi zikanijia mimi, na nawaapia, ndizi ile na nyama ile vinapatana kabisa. Nimejaribu hapa nyumbani, mke wangu ananiona nimerukwa na akili. Halima alimwonea Bwana Chen huruma. Naye Bwana Chen, kwa desturi yake, akamuuliza kama kuna chakula cha China.

Halima hakucheka. Alifikiri. "Hapa hakuna," akasema. "Lakini Diff iko mzee moja, Warsame. Huyo alizunguka dunia na meli ya Mwingereza. Watu nasema alifika China, alikula huko. Uliza yeye."

Bwana Chen alinigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Garissa hadi Dadaab

Hatimaye tuliondoka. Msafara unakwenda kwa mwendo wa mazishi, kwa sababu mahali penye mchanga laini askari wanashuka na kutembea mbele, wakiuchoma mchanga kwa vyuma kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Malori yote yanazima injini. Hapo ndipo nilipoujua ukimya wa nchi ile. Unasikia chuma kinavyoingia mchangani, kisha kinatoka, na katikati unasikia moyo wako. Nilisoma kila sura ninayoijua. Kando ya njia kulikuwa na lori lililoungua, na karibu nalo kiatu kimoja cha kawaida tu kama cha kwenda kazini.

Na papo hapo, tukiwa na hofu hiyo, twiga wakatokea. Kundi zima, wakavuka njia mbele ya askari wenye vile vyuma vyao, taratibu, mmoja akisimama kutuangalia kwa juu. Vita havikuwahusu. Askari mmoja kijana akavua kofia.

Dadaab tulikuta visima, vibanda vichache vya fito na mikeka, na ngamia wengi kuliko nilivyodhani wapo duniani. Mzee mmoja alitukaribisha kivulini mwa kibanda chake na kutuletea maziwa ya ngamia kwenye chombo cha kusukwa, yakinuka moshi. Huo ndio mwanzo wa heshima kule. Mgeni hunywa kwanza, maneno baadaye. Bwana Chen alikisukuma chombo kando kwa viganja viwili.

Uso wa mzee ukakunjamana. Mimi nikaingilia, kama kawaida yangu, nikasema dini yake haimruhusu kunywa maziwa.

"Dini gani hiyo?" mzee akauliza. "Maziwa ni ya Mungu. Nani nakataza?" Akaniita "adeer" kwa upole, yaani baba mdogo, lakini ulikuwa upole wa hakimu. Nikaanza kubuni dini. Wenzake wakasogea kusikiliza. Nilikuwa nimefika kwenye manabii wa dini hiyo Bwana Chen aliponigusa bega.

"Mzee, samahani," akasema. Akajipiga tumbo. "Maziwa. Tumbo. Mbio!" Na kwa vidole viwili akaonyesha mtu anavyokimbilia kichakani.

Mzee yule alicheka hadi machozi yakaingia ndevuni. Akamletea chai ya rangi. Ila maziwa yaliyomiminwa hayarudishwi, kwa hiyo nikayanywa mimi, sehemu yangu na yake. Yale mambo ya mbio yalinipata mimi kabla ya alasiri.

Dadaab hadi Diff

Bwana Chen akashikwa na homa njiani. Mwanzoni alisema ni jua. Kisha akaacha kula kabisa. Nilimpikia uji mwepesi, akatapika. Nilimpikia wali mtupu, akala punje. Maji ya njiani yalikuwa ya chumvi na tope, na kila kitu nilichogusa kilinuka dizeli. Alilala nyuma ya gari kwenye magunia, miguu yake juu ya kreti ya vipuri, akitikisika kila tukiruka shimo.

Nje kulikuwa na uwanda. Sijui niuseme vipi. Unatembea tangu asubuhi, jua linapanda, linashuka, na mgunga uliouona mbele bado uko mbele. Mara kwa mara mtu mmoja amesimama na ngamia wake, mrefu, mkuki begani, hakuna nyumba wala moshi popote. Katoka wapi? Anajuaje njia? Nilijiona mdogo sana, mimi na visu vyangu na pakiti zangu za bizari. Na mtu niliyeajiriwa kumlisha alikuwa anakauka mbele ya macho yangu.

Diff tulipokelewa na ofisa wa polisi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimtazama Bwana Chen akishushwa kwa kushikiliwa huku na huku, akatukana kwa lugha ya kwao.

"Msafara unarudi wiki hii," akaniambia. "Kama hawezi kusimama, atarudi nao. Siwezi kumzika Mchina hapa."

"Na pampu?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nje ya lango la seng'enge, wanawake walikuwa wamepanga foleni na vyombo vyao, wakingoja askari wa kuwasindikiza hadi lambo la mbali, ambalo lilikuwa limebaki tope. Ilikuwa safari ya siku nzima. Watoto wao walikuwa na midomo iliyopasuka.

"Hakuna fundi mwingine atakayekuja," ofisa akasema. "Mlishe."

Diff, siku niliyoharibu

Nilikuwa natafuta kuni nilipoliona. Nyuma ya kibanda kimoja, vitoto vya mbuzi vilikuwa vinalamba unyevu kutoka kwenye karai la chuma. Lakini halikuwa karai la kuchanganyia saruji. Lilikuwa la duara kamili chini, jepesi ukingoni, na weusi wake ni ule weusi laini unaotoka kwenye moto na mafuta ya miaka mingi. Mpishi yeyote angelijua. Nilivifukuza vitoto vya mbuzi, nikalibeba hadi kwa Bwana Chen. Akalipitisha kidole, kisha akagonga ukingo wake. Akafumba macho.

"Hili la kwetu," akasema.

Mama mmoja alikuwa ananifuata kwa hasira, akidai chombo cha mbuzi wake. Ndiye Habiba, mke wa Warsame. Nilimuuliza mumewe alipo, akaonyesha kivuli ambako wanaume walikuwa wameketi mkekani. Sikungoja aeleze zaidi. Nilikimbia. Nikamkuta Warsame, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, ameketi kwa adabu kubwa kando ya mzee mwingine mkubwa zaidi. Furaha yote ya njia ile ikanitoka mdomoni.

"Mzee Warsame! Mpishi mwenzangu! Nimeliona karai lako. Nakuomba, njoo utupikie!"

Kukawa kimya. Si kimya cha mshangao, ni kile kinachoangukia msikiti mtu akivua nguo. Yule mzee mkubwa akamgeukia Warsame polepole. Warsame akatazama mikono yake.

"Mimi si wa kubika," akasema. "Mimi kwa meli nilitia makaa." Akainuka, akaondoka.

Habiba alinikuta nimesimama pale kama mti. Akanivuta kando.

"Walaal, ndugu yangu, wewe umefanya nini?" akasema. "Yule mzee ni baba yangu, Haji Nuur. Mkwe yake! Hapa mwanaume hashiki sufuria. Sufuria ni ya wanawake. Umemwita mume yangu mwanamke mbele ya mkwe yake."

Mimi, ambaye maisha yangu yote nimesifiwa kwa mwiko, nilihisi ardhi inanimeza. Habiba akaniona nilivyo, hasira ikampungua. Akanieleza. Warsame kweli alikuwa mtia makaa. Lakini kwenye meli ile wapishi walipika nguruwe, na waliokuwa wanasali walikuwa wawili tu, yeye na Mchina mmoja mzee, Mwislamu, aitwaye Ma. Basi wakawa na chungu chao wenyewe, na Ma akamfundisha. Warsame aliporudi nyumbani na lile karai, alikuwa akienda malishoni na ngamia, mbali, akapika peke yake porini. Habiba alijua. Mara moja moja alimletea kidogo.

"Chakula ile, wallahi," akasema. "Sasa tumefungwa hapa wote. Baba yangu nalala mlango kwa mlango na sisi. Warsame habiki tena. Karai ikabaki ya mbuzi."

Nikamwambia kwamba Bwana Chen asipokula atarudishwa, na pampu itabaki imekufa. Habiba alitazama upande wa lango, foleni ya wanawake wenzake. Kisha akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga ampendaye.

"Ngamia akiugua, nani nachemsha mizizi? Wanaume. Nani nachanganya majivu? Wanaume. Wewe kwa nini uliomba chakula? Omba dawa."

Diff, dawa

Asubuhi yake nikarudi pale mkekani, safari hii taratibu, nikisaidiana na askari kumbeba Bwana Chen. Tukamlaza kivulini. Nikasalimia. Nikangoja niulizwe hali, nikauliza hali zao, za mifugo, za mvua. Kisha nikamwambia Haji Nuur: "Huyu mgeni wenu ni mgonjwa. Ugonjwa wake ni wa watu wa kwao. Nimesikia mkwe wako aliona baharini jinsi unavyotibiwa. Naomba ruhusa yako amtengenezee dawa."

Haji Nuur alimtazama Bwana Chen muda mrefu. Kisha akamtazama Warsame, naye Warsame alikuwa anatazama upeo wa macho kana kwamba kuna meli inakuja.

"Mgonjwa ni amana," mzee akasema. "Akifa hapa ni aibu yetu. Warsame. Dawa hiyo unaijua?"

"Najua, adeer."

"Fanya. Sisi nangalia."

Jamani, sasa nisikilizeni vizuri.

Warsame alichinja kondoo mwenye mkia wa mafuta, akaitia mifupa chunguni na tangawizi kavu, mdalasini na chumvi, akaiacha ichemke bila haraka. Kile kibati cha uyoga Bwana Chen mwenyewe akakitoa, na chote kikaingia. Akatuma ukwaju utafutwe dukani, kwa ajili ya uchachu. Wakati huo huo akachoma kichaka kimoja cha chumvi ambacho ngamia hupenda, akayachuja majivu yake, na maji yale ya majivu akayatia kwenye unga wa ngano. Nilitaka kumzuia. Majivu kwenye unga! Nikajishika mdomo, kwa mara ya kwanza katika safari nzima.

Akaukanda unga mpaka jasho likamtoka, akaufunika kitambaa. Akaosha karai mara nyingi kwa mchanga na maji kidogo tuliyokuwa nayo, akaliweka motoni na maji ya kuchemshia. Kisha akausukuma unga ukawa kama kamba nene juu ya mfuniko wa kreti ya vipuri. Akashika ncha mbili. Akafungua mikono.

Ile kamba ikarefuka mpaka urefu wa mikono yake yote. Akaikunja, zikawa mbili. Akavuta, akaipiga kwenye ubao, ikalia pa! Akakunja, zikawa nne. Akavuta tena. Hakuna kisu, hakuna mashine, mikono mitupu ya mzee aliyetia makaa, na kila akifungua mikono tambi zinaongezeka, zinapungua unene, hewani, zikicheza kama nyuzi za msusi wa mikeka, na hata moja haikukatika. Nimepika tangu ndevu hazijaota, na sijawahi kuona kitu kama kile. Nililia. Sioni haya. Nililia kwa sababu kilikuwa kizuri na kwa sababu kilikuwa kimefichwa.

"Subhanallah," Haji Nuur akasema kwa sauti ndogo. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye uzio. Hata yule ofisa alikuja, akasimama na bunduki yake begani, mdomo wazi.

Tambi zikaingia karaini, zikatoka, zikatiwa bakulini na mchuzi na nyama na ukwaju. Warsame akampelekea Bwana Chen, akamwambia maneno ya Kichina. Bwana Chen akasikiliza kwa makini.

"Samahani," akasema kwa Kiswahili. "Hiyo lugha siijui. Ni ya kaskazini."

Akachonga vijiti viwili, akaonja. Akaacha kutafuna.

"Si ya kwetu," akasema. "Kwetu ni wali. Hii ya kaskazini, mbali sana na kwetu."

Warsame aliinamisha kichwa.

"Lakini imepikwa sawasawa," Bwana Chen akasema. Akavuta tambi kwa mdomo kwa sauti kubwa hata Haji Nuur akauliza kama anakabwa. Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyoshukuru. Alikula mpaka chini. Alikunywa mchuzi. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akanyoosha bakuli apewe tena, na safari hii Warsame alimtilia mpaka ukingoni.

Haji Nuur alikohoa. "Hii dawa," akasema. "Nasaidia goti?"

"Nasaidia sana goti, adeer," Warsame akasema, bila kutabasamu.

Basi goti la Haji Nuur likatibiwa mabakuli mawili. Ndugu yake akakumbuka mgongo. Ofisa wa polisi alikuwa na jino. Mimi sikusingizia ugonjwa wowote, nilisema nina njaa, na nikapewa. Siwezi kuwaeleza ladha yake. Nimekuwa nikijaribu tangu nirudi. Unga unanikatikia mikononi na jirani wanalalamikia kelele za ubao.

Kuondoka

Dawa ilipikwa kila siku. Homa ikamwachia Bwana Chen, kwanza akaketi, kisha akatembea kwa fimbo hadi kwenye pampu, kisha akaitupa fimbo na kuitisha spana. Alifanya kazi akiwa amelala kifudifudi ndani ya kile kibanda cha injini, na Warsame, mtu wa mashine za meli, akimpa vyombo hata kabla hajaviomba. Msafara ulikuwa umeshaanza kupanga foleni injini ilipokohoa, ikashika. Bomba likatema kutu, likatema tope, kisha yakatoka maji meupe kwa nguvu, na vigelegele vya wanawake vikapanda, sijui kama nitavisikia tena vya namna ile.

Njia ya kurudi sitawachosha nayo. Nataka tu niwaambie nilichokiona nikiwa tayari juu ya gari, injini inanguruma.

Watu walikuwa wanasukumana kwenye bomba. Kutoka katikati yao akatokea Haji Nuur. Huyu ni mzee ambaye hata maji ya kutawadha huletewa, na kule kuteka maji ni kazi ya wanawake, mwanaume hagusi ndoo kama asivyogusa sufuria. Alikuwa amebeba ndoo. Ya kwanza kujaa. Alivuka nayo uwanja mzima mbele ya kila mtu, imemlemea, maji yakimwagikia kanzu yake, na hakumruhusu mtu kumpokea. Akafika mlangoni kwa mkwe wake, akaitua kando ya lile karai.

"Warsame!" akaita kwa sauti ya kusikika hadi kwenye malori. "Maji ya unga."

Warsame akatoka. Akaitazama ndoo, akamtazama mkwe wake na kanzu yake iliyoloa. Haji Nuur akatandika mkeka mwenyewe, akaketi, akakunja mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko.

"Goti langu limepona," akasema. "Leo nina njaa."